Ua Lisilo na Udongo

Ua lenyewe nilipewa na Molly, mke wa askari anayekaa Nyamityobora, mjini Mbarara. Walikuwa wamekata mti uani kwake, nalo lilikuwa limeng'ang'ania tawi kwa mizizi ya kijivu.

"Chukua hii kitu," aliniambia. "Sisi tunatupa."

Nililitambua: okidi. Nina diploma ya kilimo, na hiyo hawakuninyang'anya mpakani.

Nyumbani Nakivale, kambini kwetu wakimbizi, nililifunga kwenye kipande cha gome kwa utepe wa kitenge, nikalitundika ndani, karibu na dirisha. Halitaki udongo. Linataka hewa, kivuli chepesi na maji ya mvua. Ukiinyunyizia mizizi, inageuka kijani huku unaitazama. Mume wangu Anatole, mkulima tangu tumboni, alilitazama kama mgeni aliyekataa chakula.

Kisha mwanetu Gad akaanza kukohoa, na akina mama wa kikundi cha maombi wakapata mkosaji. Walikuja Ijumaa alasiri, Mariette akiwa mbele.

"Mama Gad, hii kintu haina budongo. Inakulaka nini?"

"Inakunywa maji, Mama Mariette. Kama wewe."

"Inakulaka pumzi ya mutoto! Itoe mu nyumba, tuichome."

"Mtoto alikohoa kwa moshi. Jiko nimelitoa nje. Unamsikia akikohoa?"

Nje Gad alikuwa akipiga kelele na mpira. Hakuna aliyegeuza kichwa.

"Basi itoeni ninyi," nikasema. "Msumari ule pale."

Hakuna aliyenyanyuka. Kwetu, kitu kinachodhaniwa kuwa dawa ya uchawi hutolewa na mwenyewe, kwa mikono yake. Mwingine akikigusa, kinamfuata kwake. Hilo nililifikiria walipokuwa bado njiani.

"Tutaikala hapa mpaka utaitoa," Mariette akasema.

"Karibuni. Viti havitoshi, mkeka upo."

Wakaimba, wakaomba. Mimi nikachambua maharage yangu. Anatole, aliyekuwa ameketi kando yangu, akaniinamia.

"Itoe tu, Mama Gad. Tupate amani na bantu."

"Nyumba tuliacha, ng'ombe tukaacha, shamba tukaacha, kwa sababu watu walisema tutoke. Hili silitoi."

Jua likazama. Okidi ya namna hii mchana hainuki. Giza likianza kuingia, ndipo inapoachia harufu yake. Ikajaa chumbani, tamu, safi, na wimbo ukaanza kupungua sauti moja moja. Bibi Concilie, mkubwa wao wote, alifumba macho akavuta pumzi ndefu.

"Mama Concilie, usivute!" Mariette akafoka, kitenge puani.

"Ninavuta na pua yangu. Kama hii ni shetani, basi anaogaka."

Mmoja akacheka, akafuata mwingine. Ukishacheka, kukemea pepo ni kazi ngumu. Wakaanza kutafuta viatu.

"Tutarudia na pasta," Mariette akasema mlangoni.

"Mrudi jioni. Asubuhi hainuki."

Kesho yake nikapanda gari Rwekubo, senta ya kambi, hadi Mbarara. Kwa Molly gogo lilikuwa bado limelala nyuma ya nyumba, na okidi nyingine zimelishika. Nikazibandua polepole, mizizi isikatike, nikarudi nazo kikapuni.

Anatole akachungulia ndani ya kikapu, akaguna, akaenda kuchukua nyundo.

"Tupige musumari fasi gani?"

"Dirisha la mbele," nikamwambia. "Lile linaloangalia kanisa lao."