Ndege ya Kuanzia

1.
Usinicheke. Naitwa Sekela Mwambeta, nina miaka sitini na mbili, mstaafu wa kituo cha hali ya hewa hapa Mbeya, na nataka kununua ndege ya rimoti.

2.
"Shikamoo mama. Ya mjukuu?"

"Marahaba. Ya kwangu. Nipe ile nyekundu."

"Ile ya kivita? Dakika moja tu angani, imeshaanguka. Chukua hii."

Hii ilikuwa ya povu, nene, mbaya kwa kweli.

3. SABABU ZA MUUZAJI
bawa liko juu ya mgongo, haipinduki ovyo
ikivunjika, unagundisha
ukichanganyikiwa, achia vidole, inajinyoosha yenyewe

Niliinunua kwa sababu hiyo ya tatu.

4. TANGAZO LA KLABU YA NDEGE ZA RIMOTI
Mwanachama mpya ATAFIKA NA MWENZA. Rubani hutazama ndege yake tu. Mwenza husimama kando, akimwambia nini kingine kinakuja angani. Asiye na mwenza HATARUSHA.

5. NILIOWAFIKIRIA
Tumpe, binti yangu. Yuko Mtwara. "Nitakupigia, mama."
Jirani. Tulinuniana kwa ajili ya kuku.
Mchungaji. Ataigeuza ndege kuwa mahubiri.

6.
Jina la mwenza: *Asajile Mwambeta*

Najua. Usiniambie. Miaka thelathini na nne kila fomu ikiuliza, nimeandika jina la mume wangu. Mkono uliandika, mimi nikatia sahihi.

7.
Jumamosi, saa tatu asubuhi, uwanjani. Katibu wa klabu anaita majina.

"Sekela Mwambeta!"

"Nipo."

"Mwenza wake, Asajile Mwambeta!"



"Asajile!"

Tangu tumzike mwezi wa tatu, hakuna aliyemwita kwa sauti namna ile, kama mtu aliyechelewa tu. Nikageuka kutazama barabarani. Nakuambia kweli, niligeuka.

8.
"Hayupo," nikasema. "Ali—

9.
Alifariki."

Katibu akaisoma tena kanuni, midomo ikicheza.

"Pole sana, mama. Ila kanuni..."

"Naijua."

Nikaanza kuirudisha ndege kwenye boksi, bawa kwanza. Upweke unauma zaidi mbele za watu.

10.
Kwenye foleni, mwanamume mmoja nisiyemjua akailaza ndege yake kwenye nyasi. Akaja, akasimama kando yangu, akainua uso.



"Angani hakuna kitu, mama," akasema. "Ukiwa tayari."

Bawa lilikuwa bado mkononi mwangu.