Bango la Baba na Mtoto Kifuani

Kazi aliyowapa mwalimu wa uchapaji ilikuwa nyepesi kusema na nzito kufanya. Kila mwanafunzi atafute jambo moja ambalo watu wanahitaji kuliona na hawalioni, alichore, kisha alichape bango lake kwa mkono, kwa rangi tatu tu.

"Na msiniletee jua linalozama," aliwaonya. "Jua linajitangaza lenyewe, halihitaji msaada wenu."

Kadogo alitoka darasani hana wazo hata la dawa. Wenzake walikuwa wameshaanza kubishana nani atachora mito iliyochafuka na nani atachora madereva wanaosinzia. Yeye akili yake yote ilikuwa hospitali, kwenye wodi ya watoto njiti. Kaka yake alikuwa amepata mtoto wa kike kabla miezi haijatimia, mtoto mdogo kiasi kwamba mama yao alipoonyeshwa kwa mara ya kwanza aliuliza yuko wapi, na huku anamtazama.

Kadogo halikuwa jina lake la cheti. Binti huyo alibandikwa kwa kuwa ndiye kitinda mimba, likamganda mpaka chuoni. Kaka yake naye aliitwa Jabali, na kwake hakuna aliyeuliza sababu. Alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, mabega yake yakijaza mlango mzima, mikono imejaa alama za cheche za kuchomelea. Mkewe alikuwa amejifungua kwa upasuaji, kisha homa ikampanda, akalazwa wodi nyingine, ghorofa ya juu. Basi wauguzi walipohitaji kifua cha kumpa mtoto joto, kilichokuwepo karibu kilikuwa cha Jabali.

Alasiri hiyo Kadogo alimkuta amekaa kwenye kiti cha kuegemea, hana shati, mtoto amelala kifuani pake ngozi kwa ngozi, wamefungwa pamoja kwa kitambaa cha njano. Kichwa cha mtoto kilionekana kidogo tu juu ya kitambaa, na kofia ya sufu. Jabali alikuwa ameinua kidevu kama mtu anayenyolewa ndevu.

"Afadhali umekuja," alinong'ona. "Nikune pua."

"Mkono wako una nini?"

"Mmoja umemshika mgongo, mwingine umemshika makalio. Nikune, Kadogo, nateseka."

Akamkuna.

"Kulia kidogo. Hapo hapo. Mungu akubariki." Akashusha pumzi taratibu, mtoto akapanda na kushuka pamoja na kifua. "Halafu, sasa Kadogo ni nani humu ndani? Itabidi tukutafutie jina jingine."

Kadogo akavuta stuli, akatoa penseli na daftari lake la michoro. Hakuwa na nia yoyote zaidi ya kupitisha muda. Akachora vidole vya kaka yake, vinene, vyenye kucha zilizoingia weusi usiotoka kwa sabuni, vilivyotandazwa juu ya mgongo usiozidi upana wa kiganja. Alichora polepole. Jabali akawa anatazama ukutani.

"Unaona hizo picha?" alisema. "Zote ni za akina mama. Siku nesi aliponiambia nivue shati, nilijua amenifananisha na mtu."

Kadogo akageuka. Kweli, ukutani palikuwa na mabango mawili ya picha za zamani, yamepauka, na maandishi madogo ambayo ungehitaji kupanda kitandani ili uyasome. Hakukuwa na baba hata mmoja. Akaitazama tena michoro iliyokuwa mapajani pake, moyo ukamruka.

"Kaka, nitakuchora wewe. Kwa ile kazi ya chuo."

"Chora mikono. Sura usiweke."

"Kwa nini?"

"Gereji watanicheka mpaka nihame mji. Niahidi."

Akamwahidi.

Wiki hiyo alimpelekea mwalimu rasimu yake. Ilikuwa na kifua kipana, mikono miwili, kitambaa cha njano na mtoto. Kichwa cha baba kilikuwa kimekatwa na ukingo wa karatasi, shingoni. Chini palikuwa na maneno makubwa: KIFUA CHA BABA NACHO KINA JOTO.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo aliyevaa miwani mbili kwa zamu, moja ya karibu na moja ya mbali. Akavaa ya karibu, akaisogelea rasimu, akavaa ya mbali.

"Mikono hii nimeipenda," alisema. "Lakini mwenyewe yuko wapi?"

"Hataki kuonekana sura, mwalimu."

"Basi una kazi. Mtu akiliona bango hili atajua afanye nini. Hatajua kama anaweza."

Maneno hayo yalimkaa Kadogo rohoni. Jioni akajaribu kubuni sura ya baba ambaye hayupo popote duniani, mwenye pua nzuri na tabasamu pana. Mama yake, aliyekuwa anapitisha pasi kwenye nguo za mjukuu, akachungulia.

"Huyu anauza dawa ya meno," alisema, akarudi kwenye pasi yake.

Kadogo akacheka, ila baadaye akashika tama. Sura ya kaka yake aliijua kama kiganja chake. Angeweza kuichora macho yamefumbwa, na Jabali asingejua mpaka bango limeshachapwa. Penseli ilifika mpaka kwenye karatasi. Akaiweka chini. Ahadi ni ahadi, na huyu alikuwa kaka aliyembeba mgongoni kwenda shule mvua ikinyesha.

Jumamosi mchana alirudi wodini. Jabali alikuwa kwenye kiti chake, mtoto kifuani. Mlangoni alisimama kijana mwembamba mwenye fulana ya timu ya mpira, ameshika kitasa kama mtu aliyekosea nyumba. Nesi alikuwa akimbembeleza.

"Mkeo yuko chumba cha upasuaji. Mtoto anahitaji joto la mtu sasa hivi. Ingia, tukuonyeshe."

"Nitamsubiri mama yake," alisema yule kijana. "Mimi mikono yangu haijui mambo haya. Nitamvunja."

"Hutamvunja."

"Kazi hizi zina wenyewe, sista." Akageuka kutaka kuondoka.

"Ndugu yangu," Jabali akaita kwa sauti ya chini, ile aliyojifunza kuitumia mle ndani. "Njoo kwanza ukae hapa. Hakuna atakayekugusa."

Kijana akasita. Pengine ni ukubwa wa yule mtu aliyemwita, au ni kile kikofia cha sufu kilichochomoza chini ya kidevu chake. Akaja, akakaa pembeni ya kitanda kilichokuwa kitupu. Kadogo akajisogeza ukutani ili asiwaharibie.

"Unaona nilivyo," alisema Jabali. "Mimi nagonga mabati. Nikishika kikombe, kinapasuka. Siku ya kwanza waliponiletea huyu, nilimwambia nesi naenda kufunga milango ya gari. Gari lenyewe sina."

Kijana akatabasamu bila kupenda. "Ukaenda wapi?"

"Nilizunguka jengo zima. Nikasimama nyuma, pale kwenye matangi ya maji, nikalia kama mtoto. Kisha nikaona, huku nalia, yeye yuko peke yake. Nikarudi."

Kadogo hakuwa amelisikia hilo. Mama yao pia hakulijua, alikuwa na hakika. Akainamisha uso kwenye daftari lake na kujifanya anachora.

"Na wewe ulijua kumshika?" kijana akauliza.

"Nilijua wapi? Nilikaa tu. Yeye ndiye aliyejua. Alilala."

Kisha yule kijana akaanza kuvua fulana yake, na kwa haraka ikamkwama kichwani, nesi akamsaidia kuitoa. Wakamkalisha kwenye kiti cha pili. Mtoto wake wa kiume akaletwa, akawekwa kifuani, miguu imekunjwa kama ya chura, kitambaa kikazungushwa. Kijana akakauka kama gogo, macho yamemtoka.

"Pumua," Jabali alimwambia. "Ukibana pumzi atashtuka. Pumua taratibu, naye atakufuata."

Akapumua. Ilichukua muda, lakini mabega yalishuka, na mkono wake mmoja ukajitandaza wenyewe juu ya mgongo wa mtoto.

Nesi alipomchukua mtoto wa Jabali, Kadogo na kaka yake walitembea pamoja kwenye korido kuelekea ngazi za kwenda kwa wifi. Jabali alikuwa anafunga vifungo vya shati, kimoja kimekosa tundu lake.

"Nimesema maneno mengi leo," alisema. "Kesho atakuja mwingine, nami huenda sipo. Ile picha yako ingekuwa ukutani, ningemwonyesha kidole tu."

"Haijakamilika. Haina kichwa."

"Weka sura."

"Ya nani?"

"Acha maswali, Kadogo. Yangu." Wakapanda ngazi chache. "Na hili sikio langu lililopinda uliache hivyo hivyo. Mnyooshaji kwenye ukoo huu ni mimi."

Kadogo alimkumbatia palepale kwenye ngazi, watu wakapita pembeni wakiwakodolea macho.

Alichora sura ile kwa siku moja. Jabali akiwa ameinua kidevu, macho yameshuka kumtazama mtoto, sikio limepinda, uso nusu una hofu na nusu una furaha. Kisha ikaja kazi ya kuchapa. Alichora kila rangi kwenye plastiki yake inayopitisha mwanga, kwa wino mweusi. Akanyoosha kitambaa chembamba chenye matundu madogo sana kwenye fremu za mbao, akakipaka dawa inayoganda kwa mwanga, akakiacha kikauke kwenye chumba chenye giza. Plastiki ikalazwa juu, taa ikawashwa. Alipoosha fremu kwa maji, dawa iliyokuwa nyuma ya mistari myeusi ikatoka, na sura ya kaka yake ikabaki kwenye kitambaa kama mwanya unaosubiri wino.

Njano ilitoka vizuri. Baada yake hudhurungi nyepesi ya mtoto. Ya tatu, hudhurungi iliyokolea, ndiyo ya baba, maandishi na mistari yote. Akaweka karatasi, akashusha fremu, akamimina wino, akauvuta kwa ubao wenye ukingo wa mpira, kutoka juu mpaka chini, kwa uzito mmoja. Akainua. Mtoto alikuwa amesogea. Kati yake na kifua cha baba palibaki ufa mweupe, mwembamba lakini dhahiri, kana kwamba mtoto anaelea. Akachapa nyingine, ikawa hivyo. Nyingine, ufa ukahamia upande wa pili. Karatasi zilizoharibika zikawa zinarundikana, mikono yake imekuwa ya kahawia mpaka viwiko, na machozi yako karibu.

Mwalimu alikuja akasimama karibu yake, akabadilisha miwani.

"Rangi umezichora zigusane barabara," alisema, "mpaka wa moja ndio mwanzo wa nyingine. Karatasi inavutika, inanywea, mkono unatikisika kidogo. Ukidai zigusane tu, zitaachana. Ziache zipandane."

"Rangi haitaharibika?"

"Jaribu."

Ikabidi arudi nyuma, achore upya plastiki ya baba, aoshe fremu, apake dawa tena. Safari hii alikisogeza kifua kidogo ndani ya mwili wa mtoto, pote walipogusana. Alipoinua fremu, ufa haukuwepo. Hudhurungi mbili zilikuwa zimelaliana, na kwenye shavu la mtoto, tumboni na magotini palikuwa na rangi ya nne ambayo hakuichanganya, nzito na ya joto kuliko zote. Kadogo akabaki ameishikilia fremu juu. Kisha akaweka karatasi nyingine, na nyingine, mpaka kamba za kuanikia zikajaa sura ya kaka yake kutoka ukuta hadi ukuta.

Mwalimu alichukua bango moja kwa ajili ya ukumbi wa chuo. Nesi alibandua mwenyewe yale mawili yaliyopauka na kubandika jipya mkabala na viti. Jabali alichukua moja, akalikunja, akaenda nalo gereji bila kumwaga sera, akalipigilia juu ya meza ya spana. Walimcheka, naam, kwa siku nzima. Kesho yake fundi wa rangi, aliyekuwa mcheshi kuliko wote, alimwuliza pembeni kama wodini wanaruhusu pia baba wa mapacha.

Wifi alikuwa hajaliona, maana homa ilipopoa mtoto ndiye aliyepelekwa kwake ghorofani. Aliruhusiwa kutoka hospitali pamoja na mtoto, wote wawili wamepata nguvu, na Kadogo akamletea lake siku ya pili nyumbani. Alilitandaza kitandani. Wifi akainama juu yake, akaipitia picha yote kwa macho. Siku zile zote alikuwa ghorofani, na homa, akisikia tu habari kwamba mtoto yuko salama.

"Hivi ndivyo mlivyokuwa?" aliuliza mwishowe.

Jabali alikuwa amesimama mlangoni. "Ndivyo."

"Uliogopa."

"Sana."

Wifi akagusa kwa ncha ya kidole pale rangi mbili zilipopandana, kisha akasogea pembeni kumpisha mumewe kitandani. "Njoo uniambie," alisema. "Mimi sikuwepo. Niambie kila kitu."

Kadogo akamnyanyua mtoto, akamfunika vizuri, na kutoka naye nje uani, mahali penye kivuli. Kutoka dirishani alisikia sauti nzito ya kaka yake ikianza, ikisimama, ikianza tena. Mtoto akapiga mwayo, akageuza shavu na kulilaza kwenye kifua cha shangazi yake.