Kartamu kwa Magoti ya Mafundi

Walimwita Mama Miiba, na jina lilimkaa. Miaka yake ya kazi iliishia karibu yote kwenye shamba la kartamu nyuma ya kituo cha utafiti, mmea wenye miiba kila upande na maua ya rangi ya chungwa ambayo wachuuzi wajanja huyauza wakiyaita zafarani. Mbegu zake hutoa mafuta mazuri ya kupikia, lakini si mafuta yaliyomnyima usingizi. Ni yale maua. Tangu zamani watu wameyachemsha na kuyanywa ili kutuliza maumivu, na Mama Miiba alitaka kujua, bila longolongo, kama ni kweli au ni porojo.

Sasa alikuwa hoi. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Huu aliamka nao. Mumewe, mwalimu mstaafu, alishaacha kumuuliza habari za kazi. Alimfunulia chakula tu, akamtazama anavyotafuna bila kujua anakula nini.

Mkurugenzi wa kituo hakuwa amemung'unya maneno. Jaribio la maua hayo kwa watu wenye maumivu ya magoti ndilo litakaloamua. Maua yakionyesha nafuu, shamba linabaki. Yasipoonyesha, trekta linaingia na kartamu yote inang'olewa.

Jaribio lenyewe halikuwa gumu kueleza, ila watu wa kulifanyia walikuwa adimu. Nani atakubali kunywa maji ya mmea wa miiba? Mama Miiba alihangaika huku na huku, akachoka, mwisho akamwendea mama yake mdogo, fundi cherehani aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki. Mama mdogo alikuwa na karakana ya cherehani za kukanyaga, na mafundi wenzake, wanawake wazima waliokula chumvi nyingi, walikuwa wamemalizia magoti yao kwenye hizo pedali. Wote walikubali papo hapo. Nusu yao walipewa pakiti za kartamu. Nusu nyingine walipewa maua mengine yasiyo na kazi yoyote, yaliyotiwa rangi ileile. Nani ana ipi, hakuna aliyejua, hata Mama Miiba mwenyewe. Ila sheria za utafiti zilimtaka awaeleze kwamba zipo za kweli na zipo za uongo, naye akawaeleza, tena kwa sauti, maana wawili kati yao masikio yalikuwa mazito.

Asubuhi hiyo, zikiwa zimebaki pakiti chache tu za mwisho, siri ilifunguliwa ofisini. Waliopewa kartamu walikuwa wamesema wamepata nafuu kubwa. Waliopewa rangi tupu nao walikuwa wamesema wamepata nafuu kubwa. Hapakuwa na tofauti hata ya kubabaisha.

"Pole," Mkurugenzi alisema, na alimaanisha. "Maua hayana kitu. Andika hivyo, tufunge. Matokeo ni safi, hakuna atakayekucheka."

Hilo ndilo lililomuuma, kwamba Mkurugenzi alikuwa amesema kweli. Mama Miiba akachukua mkoba wake akaenda karakanani kuwaaga mafundi. Angeweza kuwapigia simu, lakini watu waliokunywa uchungu kwa ajili yako huwaagi kwa simu.

Cherehani zilikuwa kimya, mafundi wanapumzika. Kwenye kona, mbali na majora ya vitambaa, sufuria kubwa ilikuwa juu ya jiko, na fundi mmoja alikuwa anachana pakiti moja baada ya nyingine akizimimina humo. Pakiti zote. Za kila mtu.

"Mama," Mama Miiba alimwambia mama yake mdogo, "mnafanya nini?"

"Tunapika dawa yako. Kaa basi, mbona umekonda hivyo?"

"Si nilisema kila mtu na pakiti yake?"

"Ulisema pia nyingine ni za uongo." Mama mdogo alimshangaa. "Sasa sisi tupone, wenzetu tuwaache wanywe uongo? Humu ndani tunagawana mpaka sindano. Tunachanganya tangu siku ya kwanza, kila mtu anakunywa sawa na mwenzake."

Mama Miiba alikaa kwenye kigoda. Kosa lilikuwa lake, tena la kitoto: wagonjwa wote kuwatoa chumba kimoja, watu wanaoazimana uzi na miwani! Mwanafunzi wake angefanya hivyo, angemsema mpaka akome. Lakini wazo jingine likamjia. Kama walichanganya, basi wote walikunywa kartamu. Na wote walipata nafuu. Angeweza kuomba jaribio lirudiwe, shamba lisiguswe kwanza.

"Mama, niambie," alisema. "Magoti yamepata nafuu kweli?"

Mafundi walitazamana. Yule wa sufuria alijitia kukoroga.

"Magoti ni yaleyale, mwanangu," mama mdogo alisema.

"Mbona mlisema afadhali? Wote?"

"Tungesemaje? Ulikuwa unakuja hapa kutuuliza maswali yako, uso umekushuka, unatia huruma. Siku ya kwanza nilikuambia bado yanauma, ukainamisha kichwa. Siku ya pili nikasema afadhali, ukacheka kidogo. Basi nikawaambia wenzangu, semeni afadhali."

Mama Miiba alitaka kukasirika, nguvu hazikuja. Alitoa simu akampigia Mkurugenzi.

"Trekta liingie," alisema. "Lakini tusiandike kwamba maua hayana kitu. Tuandike hatujui. Kila mtu alikunywa nusu ya dozi, na majibu yao yalikuwa ya kunifariji tu. Nimeliharibu jaribio mwenyewe, nitaeleza."

Upande wa pili Mkurugenzi alianza kuuliza jambo. Mama Miiba alimkatia simu. Alitaka kumlalia mama mdogo magotini, kama alivyozoea utotoni, akakumbuka jinsi yanavyouma. Akalaza kichwa mezani juu ya vitambaa vilivyokatwa, na mama mdogo akasogeza mkasi ili usimchome.