Sajini Apewe Maji

Mwanamume akishaamini kuwa jambo fulani ni lake, basi tena, humtoi hapo. Mwishehe, seremala wa Keko, aliamini kwamba kidonda chochote cha kisu ni chake. Kwao Masasi alikuwa kungwi wa jando, ameuguza wari waliotoka kutahiriwa mpaka wakapona, na hakuna aliyepata kumbishia. Kwa hiyo siku mkewe, Hamisa, alipompeleka sungura wake kuhasiwa, Mwishehe alikuwa ameshajua la kufanya kabla hajaambiwa.

Sungura mwenyewe aliitwa Sajini. Hamisa alimlea tangu hajaota manyoya, mama yake amekufa, akimnywesha maziwa kwa pamba. Hamisa hakujaliwa mtoto, na wapo waliomcheka kwa kumbeba mnyama kwenye kanga. Wacheke! Alimpenda, basi. Tatizo ni kwamba Sajini alipopevuka alianza vituko: mikeka ya majirani kaikojolea, watu kawang'ata, hata kuku wa Chausiku, jirani wa ukuta mmoja, hawakuwa na raha. Mwenye nyumba akasema ahasiwe au aliwe.

"Mama, mkifika tu mpe majani mabichi na maji," bwana mifugo alimwambia Hamisa baada ya kumaliza kazi yake. "Sungura tumbo lake likisimama, amekwisha. Na umlaze kwenye kitambaa safi."

Mwishehe, aliyewasindikiza, alisikia, akacheka njia nzima ya kurudi. "Maji, na kidonda kibichi? Huyo anataka kioze! Jandoni mwari anakula kikavu, maji hapewi, kidonda kikauke. Na wewe, mke wangu, kaa mbali. Mambo haya si ya wanawake."

Akamweka Sajini karakanani, ndani ya kasha, juu ya maranda ya mbao, na kipande cha ugali mkavu. Hamisa akamwachia. Ya jandoni mwanamke hayasogelei, ndivyo alivyofunzwa, na mumewe hakuwa mtu mbaya. Lakini moyo ulikataa kutulia.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mwishehe alipokwenda kuoga, Hamisa aliingia karakanani. Sajini alikuwa amejikunyata pembeni, masikio ya baridi, anasaga meno kwa maumivu. Ugali ulikuwa vilevile. Hamisa akapekua maranda yote, asione hata punje ya kinyesi. Maranda mengine yalikuwa yamegandia kidondani. Hasira zikampanda, kwa mumewe kidogo, kwa nafsi yake zaidi.

"Hufi," akamwambia. "Sikubali. Hufi."

Akamtoa, akaketi naye barazani, watu wakiona. Akamsafisha kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Akatwanga mchicha, akakamua maji yake, akaanza kumtilia kwa kijiko pembeni mwa mdomo, tone kwa tone, huku akimsugua tumbo.

"Shoga, we!" Chausiku alishika kifua. "Mambo ya jando hayo!"

"Huyu ni sungura, Chausiku. Sungura! Ulishaona mwari mwenye masikio haya?"

Mwishehe akatokea, amevaa kanzu yake nyeupe ya msikitini. Akataka kufoka, lakini aligusa sikio la Sajini na uso ukamshuka. Akaingia ndani, akarudi na kisu.

"Anakufa, Hamisa," alisema kwa upole. "Nimchinje kabla hajawa kibudu. Tusimtese."

"Utaanza na mie."

"Mke wangu..."

"Jana nilikutii, tazama! Leo sikutii. Weka kisu, kaa hapa, mshike nimnyweshe."

Hakuna aliyewahi kumwambia Mwishehe vile. Alisimama, akamtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Kisha akaweka kisu, akaketi, akampakata Sajini juu ya kanzu. Hamisa akatia tone, akasugua, akatia tena. Sajini akatema. Akatia tena. Waliokwenda msikitini walimwita Mwishehe, yeye akawapungia tu mkono. Mchicha ukaisha, Hamisa akatwanga mwingine. Mikono ilimuuma, hakuacha.

Jua lilikuwa la utosi tumbo la Sajini liliponguruma chini ya kiganja chake. Likanguruma tena. Mara vikadondoka vidonge vidogo vyeusi, kama pilipili manga, juu ya kanzu nyeupe ya Ijumaa.

Hamisa akapiga vigelegele, vya kweli vya kujifungua, mpaka Chausiku akatoka kwake mbio. "Kuna nini? Nani kajifungua?"

"Kanya!" Hamisa alicheka huku machozi yakimtiririka. "Sajini kanya!"

Mwishehe hakuifuta kanzu. Alimkabidhi mkewe mgonjwa, akachukua debe, akaenda bombani. Wanawake waliojipanga pale wakaangua kicheko.

"Makubwa! Mwishehe leo kuteka maji? Mkeo yuko wapi?"

"Ana mgonjwa," alisema Mwishehe. "Nipisheni, jamani. Maji haya yalitakiwa tangu jana."