Pezi la Kushoto

Nikutegee kimoja, nawe usikimbilie kujibu: mzima akigongwa huimba, mgonjwa akigongwa hunyamaa. Ni nani huyo?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Los Angeles siutaki, una kelele. Nipe Bakersfield, nilikozaliwa.

Jibu lake ni plaiwudi iliyounganishwa kwa gundi. Gundi ikishika sawasawa, ukigonga kiungo hutoa sauti kali na kavu, kama kijiko kwenye ukingo wa kikombe. Pakiwa na uwazi ndani, hata mwembamba kama ukucha, sauti huzama na haitoki tena. Mimi shule niliishia darasa la nane, lakini sikio langu lilisoma kunipita. Mume wangu, Orval Tackett, alikuwa seremala wa ndege zisizo na injini, karakana yake pembeni mwa ziwa kavu la Mojave. Yeye alipaka gundi na kubana. Mimi, siku ya pili, nilivaa subana yangu ya kushonea kidoleni na kugonga kiungo kimoja kimoja. Pasipoimba, palifumuliwa.

Mwaka wa sitini na tatu wakaja wahandisi na mchoro wa ndege isiyo na mabawa. Nilidhani wamesahau kuyachora.

“Hatujasahau, mama,” akasema mmoja wao, kijana mwenye miwani. “Anayekwenda angani lazima arudi, na njia ya kurudi ni moto mtupu. Bawa jembamba litaungua kama bua. Tunataka mwili wenyewe uwe bawa.”

Siku hizo waliotoka angani walidondoshwa baharini kwa miavuli, wakaopolewa kama mizigo iliyotoswa. Hawa walitaka rubani aongoze chombo mwenyewe, atue nchi kavu, afungue mlango na kushuka kwa miguu yake. Kuitengeneza kwa chuma kungechukua miaka. Orval aliutazama mchoro, akakuna kidevu, akawaambia miezi minne.

Ilipokamilika ilikuwa na tumbo la mviringo, mgongo bapa na mapezi mawili nyuma, kulia na kushoto. Watu walikuja kuicheka. Walioicheka zaidi waliiita Beseni, na jina likaganda.

Aliyechaguliwa kuirusha ni Wendell, mdogo wangu wa pekee. Mama yetu alifariki yeye akiwa na miaka mitano na mimi kumi na minne. Mimi ndiye niliyemfunga viatu, nikamkata nywele, nikamfunza vitendawili ili asilie usiku. Alipokuwa rubani, kila mtu alimwita Kapteni. Mimi nilimwona bado viatu vimelegea.

Mwanzo Beseni lilivutwa kwa gari na kamba ndefu juu ya ziwa kavu. Likainuka kimo cha mlango, kesho yake kimo cha nyumba. Baadaye likavutwa na ndege hadi juu kabisa, kamba ikaachiwa, nalo likashuka peke yake. Kushuka kwake hakukufanana na ndege yoyote. Lilikuja kama jiwe lililotupwa kisimani. Kisha, moyo ukiwa umeshakufa, likanyanyua pua, likaelea kidogo, na kugusa ardhi kwa upole. Mara nane lilifanya hivyo. Mara nane nilivunja miiko yangu nikamwita Mungu kwa sauti.

Kabla ya safari ya tisa, pezi la kushoto lilifunguliwa na kugundishwa upya. Asubuhi ya kuruka niliingia karakanani jua halijachomoza, maana huko jua likipanda, upepo hupanda nalo. Nikagonga mwili wote, ukaimba. Nikagonga pezi la kulia, likaimba. Pezi la kushoto lilikuwa na viungo kumi na viwili. Nilikuwa kwenye cha saba Wendell alipoingia, andazi mdomoni, sukari imemjaa kidevuni.

“Dada, unabembeleza Beseni langu au unalipiga?”

“Nalisikiliza. Futa kidevu, Kapteni.”

“Linasema nini?”

“Linasema rubani wake ana njaa ya mbwa.”

Akacheka, akanikumbatia kwa nyuma na kuninyanyua kama gunia. “Twende basi. Upepo haumsubiri mwanamke na subana yake. Shemeji yuko nje anapiga honi.”

Honi ikalia kweli. Nikatazama vile viungo vitano vilivyobaki. Orval ndiye aliyevigundisha, na mkono wa Orval haukuwa umewahi kuniangusha. Nikavua subana, nikaitia mfukoni mwa aproni.

Sina ziada ya hayo. Wanaotafuta kosa huwa wanatafuta kubwa.

Beseni likaachiwa juu yetu, likaja kama jiwe, kama siku zote. Tukangoja linyanyue pua. Likanyanyua. Kisha likalalia kushoto, likabingirika mara mbili, na vumbi jeupe likapanda mahali lilipokuwa. Halikuwaka moto, kwani halikuwa na mafuta. Ziwa lote lilikuwa kimya. Nilikimbia na kiatu kimoja.

Alikuwa na sukari bado pembeni mwa mdomo.

Saa nne asubuhi Orval alinikuta karakanani, nimekaa sakafuni kwenye vumbi la mbao. Akachutama mbele yangu. Macho yake yalikuwa kama madirisha ya nyumba iliyohamwa. Akauliza, taratibu kabisa:

“Lorene. Ulimaliza?”

Nikafungua mdomo. Mlango ukafunguka kabla sijatamka neno. Watu watatu wakaingia na madaftari. Pezi la kushoto, walisema, limeokotwa hatua hamsini kutoka kwenye mwili, na mbao zimesagika kiasi kwamba haijulikani ni gundi iliyoachia au ni ardhi iliyolivunja.

“Nani alikagua viungo?” akauliza mkubwa wao.

Orval akasimama. “Mimi.”

“Vyote?”

“Vyote.”

Wakamletea karatasi, akatia sahihi. Hakunitazama.

Tangu siku hiyo hakutengeneza tena kitu cha kuruka. Aliwatengenezea watu viti, kabati, na mara moja jeneza. Tulizaa, tukalea. Tulikula meza moja, tukasali benchi moja. Lile swali tukalifuga kama mbwa mzee: hatulitaji, tunalipita tu pale mlangoni, nalo halibweki. Kuna nyakati nilitaka aniulize tena, anipige na swali hilo. Hakuuliza. Nami niliionea huruma ile heshima yake, nikaiita upendo, na pengine ulikuwa upendo. Subana sikuivaa tena. Nilijifunza kushona na kidole kitupu, nikachomwa.

Miaka kumi na minane ikapita. Gundi na vumbi la mbao vilikuwa vimekwisha kula mapafu ya Orval aliposikia redioni kwamba chombo kipya cha angani, cha kwanza cha namna yake, kitarudi kutua kwenye ziwa letu.

“Nipeleke,” akasema.

“Daktari amekataza vumbi.”

“Sikumwoa daktari. Nipeleke, mke wangu.”

Ilikuwa Jumanne ya Aprili. Tukaketi nyuma ya pikapu yetu, blanketi magotini, katikati ya maelfu ya watu na watoto mabegani. Ikasikika mishindo miwili angani. Kisha tukakiona, cheupe, kina vibawa vifupi, kinakuja bila injini.

“Mbona kinaanguka?” akapiga kelele mama mmoja karibu nasi.

“Hakianguki, mama,” Orval akamjibu, pumzi zikimkatika. “Ndivyo kinavyorudi. Tazama pua sasa. Tazama.”

Pua ikanyanyuka. Magurudumu yakagusa, vumbi likafuata nyuma kama shela, nacho kikaenda, kikaenda, kikasimama. Watu wakalia, wakakumbatiana na wasiowajua. Orval hakupiga makofi. Alikuwa akitazama mlango wa kile chombo, akingoja mtu atoke kwa miguu yake, nami nilijua anayemngojea.

Kisha akauchukua mkono wangu na kuulaza juu ya blanketi. Akakunja kidole, akagonga kifundo cha kidole changu kwa ukucha. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Akainamisha kichwa, sikio upande wangu, kama nilivyokuwa nikifanya mimi zamani, akasubiri.

“Saba,” nikasema. “Pezi la kushoto niligonga saba, Orval. Vitano sikugonga.”