Hodi za Mama Yoeli

Huruma alitoka Dodoma mpaka Masasi kutembelea mtaa wa kale wa misheni, aione na nyumba aliyozaliwa babu yake. Lakini shangazi yake, Mama Yoeli, hapiti mlango wa mtu bila kubisha hodi. Kila nyumba shikamoo, marahaba, habari za mikorosho, haya kaeni mle! Jua likazama, kanisa la zamani likafungwa, na hapo uzalendo ukamshinda Huruma.

"Shangazi, siku nzima tunasalimia watu tu! Nyumba ya babu iko wapi?"

Mama Yoeli akamkodolea macho.

"Si ile uliyogoma kuingia, ukabaki nje unachezea simu? Na wenyewe walikuwa wamekutandikia mkeka."