Kiti cha Mwalimu Damien

Kule Bukavu, Léocadie ndiye aliyeuvua mchezo wa kuigiza koti na tai. Kabla yake waigizaji walikariri Kifaransa, na watu ambao nusu yao hawakukijua wakapiga makofi kwa adabu. "Mwalimu, hakuna mutu anasemaka hivi," alimwambia Mwalimu Damien, mkuu wa kikundi chao cha maigizo, mtu aliyemfundisha kuandika. Kisha Léocadie akatunga mchezo wa muuza sambaza, vidagaa vya Ziwa Kivu, anayesema Kiswahili cha sokoni, matusi yakiwemo. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mwalimu Damien peke yake hakucheka. Aliinuka kutoka kiti cha mbele, akatoka mchezo haujaisha. Léocadie akasema mzee ana wivu, basi.

Kufikia mwaka 2012 Léocadie alikuwa amehamia Afrika Kusini, mshonaji mtaa wa Joubert Park, akiishi chumba kimoja na binti yake, Héritière, aliyezaliwa hapa hapa Johannesburg. Wakila, hawasemezani. Binti Kiswahili anakisikia, kukisema ni taabu. Lugha yake ni Kizulu, na Kizulu cha mama ni cha kununulia nyanya tu. Upweke wa watu wawili chumba kimoja usikie kwa jirani. Ndipo Léocadie akatunga mchezo wa mama na binti wanaogombana juu ya kurudi kwao, waucheze wenyewe kwenye ukumbi wa kanisa. Alitaka, walau jukwaani, mwanawe amwambie kilichomo moyoni.

Miezi miwili alimsahihisha Kiswahili, mpaka mtoto akawa anaongea kama anayesoma matangazo ya kanisa.

"Eish, Mama," Héritière akachoka, "hakuna mutu anasemaka hivi."

Maneno yake mwenyewe, yamemfuata mpaka huku. Léocadie akaikunja karatasi ya mchezo. "Basi sema vile unasemaka."

Jumapili mchana watoto wa wageni walijaa ukumbini. Héritière alimgeukia mama yake, akafungua kinywa, na Kizulu kikatoka kama maji ya bomba lililopasuka. Vijana wakacheka, kisha msichana mmoja akaanza kulia. Léocadie alisimama katikati ya jukwaa lake mwenyewe, akaambulia neno moja tu: mama. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Watu walipotawanyika, akauliza, "Ulisema nini pale?"

Macho ya Héritière yalikuwa bado na machozi, lakini uso umekunjuka. "Byote, Mama. Byote byenye viko ku roho. Ulisikia, né?"

"Nilisikia," akasema Léocadie. Kisha akaenda kuketi kiti cha mbele, akamlilia marehemu Mwalimu Damien kwa mara ya kwanza. Haukuwa wivu.